Asali ya Kibondo na anwani zake 25,321

Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, kwa hiyo ukitamka "kanoni" pale mjini watu humuwazia mchungaji mwenye cheo, si mstari wa msimbo uliofichwa kichwani mwa ukurasa wa wavuti. Asili ya neno, hata hivyo, ni moja: kipimo, kile kilichokubaliwa kuwa ndicho. Ni Kigiriki kilekile kilichopita kwa Waarabu kikatufikia kama "kanuni". Mstari ninaouzungumzia leo, rel="canonical", huiambia injini ya utafutaji kwamba kati ya anwani kadhaa zinazofungua ukurasa uleule, hii ndiyo yenyewe. Mafundi wetu huuita "kanoniko", nao wameugeuza dawa ya kila ugonjwa. Duka la mtandaoni halionekani Google? Weka kanoniko. Kurasa zimejirudia? Weka kanoniko. Mimi nasema hivi: kwenye kurasa za utafutaji na vichujio vya duka, alama hiyo hutuliza dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye namna duka linavyozaa anwani, na uzazi huo usipodhibitiwa alama haitafua dafu.

Nichukue duka la mfano. Usilitafute, halipo, nimelikusanya kutokana na makosa niliyoyaona kwenye maduka mengi, yale niliyojenga kwa mikono yangu mwenyewe yakiwamo. Liko Kibondo, linauza asali ya misitu ya miombo, maharage na kahawa. Kundi la asali lina bidhaa 12 tu, na ukurasa wake una vichujio vitano. Ujazo: nusu lita, lita moja, lita tano, dumu la lita 20. Wilaya: Kibondo, Kasulu, Kakonko. Nyuki: wakubwa au wadogo. Kupanga: bei ya chini kwanza, bei ya juu kwanza, mpya kwanza. Mwonekano: picha au orodha. Kila mteja anapobofya kimojawapo, kipande kinaongezwa nyuma ya alama ya kuuliza kwenye anwani, ikawa kitu kama /asali?ujazo=5&nyuki=wadogo&panga=bei. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita vigezo.

Tupige hesabu. Kichujio kinaweza kuachwa au kuchaguliwa, kwa hiyo ujazo una hali 5, wilaya 4, nyuki 3, kupanga 4, mwonekano 3. Zidisha zote: 720. Hapo tumemhurumia fundi, tukachukulia kwamba programu yake huvipanga vigezo kwa mfuatano mmoja siku zote. Nyingi hazifanyi hivyo. Kilichobofywa kwanza ndicho hukaa mbele. Anwani inayotanguliza ujazo na ile inayotanguliza nyuki humletea mteja madumu yaleyale, lakini kwa mashine ni anwani mbili. Ukihesabu na mifuatano yote, ukurasa huo mmoja wa asali una anwani 25,321. Bidhaa 12! Na bado sijagusa kisanduku cha "bei kuanzia... hadi...", ambacho mteja hujaza namba yoyote anayotaka.

Roboti ya Google haijui kwamba hizo ni sura 25,321 za rafu moja. Inachojua ni kufuata viungo. Ikifungua ukurasa wa asali inakuta vichujio, kila kichujio ni kiungo, kila kiungo kinafungua ukurasa wenye vichujio vingine, nayo inaendelea kupanga foleni ya kupita kote. Kuna maduka yaliyojengwa kwa programu ya WooCommerce ambako hata kitufe cha kutia bidhaa kikapuni ni kiungo cha kawaida chenye kigezo add-to-cart. Roboti haina pesa, lakini haioni haya kubofya. Seva ndogo ya kulipiwa kwa mwaka, ambayo duka letu linagawana na tovuti nyingine kibao, inahangaika kumtengenezea mgeni huyu kikapu baada ya kikapu, huku mteja wa kweli kule Mabamba mwenye mtandao dhaifu akisubiri picha ya dumu ifunguke. Siku hizi roboti zenyewe si za utafutaji peke yake. Tangu GPTBot ya OpenAI itangazwe mwaka 2023, zinazokusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba nazo zimo kwenye msururu.

Sasa turudi kwenye alama. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja Februari 2009, na Aprili 2012 ikaandikiwa waraka wake, RFC 6596. Inavyofanya kazi ni hivi. Injini hukusanya kurasa zinazofanana na kuziweka kwenye fungu moja, kisha huchagua mmoja uwe mwakilishi wa fungu. Mwakilishi ndiye huonyeshwa kwenye matokeo, na heshima ya viungo vyote vilivyoelekezwa kwa wenzake huhesabiwa kwake. Katika kuchagua, injini hutazama ishara kadhaa: kama anwani moja inaelekeza upya kwenye nyingine, kama kuna alama ya kanoniko, ni ipi imetajwa kwenye ramani ya tovuti, ni ipi viungo vya ndani ya duka lenyewe vinaielekea, ipi ina https. Alama ni ishara yenye nguvu, lakini ni kura moja tu kati ya nyingi. Ni ombi, na Google haijawahi kusema kwamba ni amri. Ukiandika kwenye alama kwamba ukurasa mkuu ni /asali, huku menyu, mabango na ramani ya tovuti vyote vinaelekeza /asali?panga=mpya, umejipinga mwenyewe na injini itaamua inavyoona.

Neno zito hapo ni "zinazofanana". Ukurasa wa asali ya nyuki wadogo una bidhaa tatu, ule wa asali yote una 12. Hizo hazifanani. Ukiubandika wa kwanza alama inayosema mkuu ni wa pili, unamwambia Google jambo ambalo macho yake yanaona si kweli, na mara nyingi atalipuuza. Akilikubali ndiyo balaa zaidi, maana ukurasa wa nyuki wadogo utatoweka kwenye faharasa ya Google, na mtu wa Dar es Salaam anayetafuta hasa asali hiyo, ambayo huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa, hatauona.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalitafakari: ili roboti iisome alama lazima kwanza iufungue ukurasa. Kwa hiyo alama haiizuii kuja. Ni sawa na kumwandikia mgeni barua ya "usije" kisha ukaiweka mezani sebuleni kwako. Ataisoma akiwa ameshaingia na kuketi. Ni kweli kwamba baada ya muda Google hupunguza kuzitembelea anwani ilizokwisha kuziona ni nakala, lakini hilo huja baada ya gharama kulipwa.

Hapa wenzangu huniwekea pingamizi la haki. Husema kwamba Google wenyewe wameeleza kuwa bajeti ya kupekua tovuti ni wasiwasi wa wakubwa: wenye kurasa kama milioni moja na zaidi, au zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku. Duka la asali na maharage linahusikaje? Linahusika kwa sababu kinachohesabiwa ni anwani, si madumu. Makundi kumi yenye vichujio kama vile vya asali yanatoa 253,210. Ongeza kisanduku cha utafutaji na kigezo chake cha q, ambako kila neno linaloandikwa huzaa ukurasa mpya, na mfanyabiashara ambaye stoo yake haijazi guta moja anajikuta kwenye kundi la wakubwa bila kujua. Isitoshe, seva ikichelewa kujibu roboti hupunguza mwendo yenyewe. Bei mpya ya maharage ya msimu inaweza kukaa majuma bila kuonekana kwa sababu roboti ilikuwa bize na /asali?mwonekano=orodha.

Kisanduku hicho cha utafutaji kinastahili kusemwa peke yake. Tangu 2007 Google imekuwa ikiwashauri wenye tovuti wasiiachie ipekue kurasa za matokeo ya utafutaji wao wa ndani, na sababu inaeleweka: aliyetafuta hataki kupelekwa mahali pa kutafuta tena. Kwetu Kiswahili kinalizidisha tatizo. Mmoja ataandika "maharage", mwingine "maharagwe". Mmoja "asali", mwingine "asari", kama wengi wa Uha wanavyoitamka, wala si kosa la kumcheka mtu. Hizo ni anwani nne tofauti kwa rafu mbili. Zipo pia ambazo hazina kitu kabisa. Mtu akitafuta "samli" na duka halina, programu humjibu "Hakuna bidhaa", lakini seva hutuma msimbo 200, wenye maana kwamba ukurasa upo na ni mzima. Kwa injini huo ni kama mahame: kijiji chenye jina kwenye ramani na hakuna moshi unaofuka. Wahuni wa mtandaoni wanayapenda mahame haya. Hutengeneza viungo vinavyoelekea kwenye duka lako vyenye maneno ya kamari na dawa za nguvu nyuma ya q=, na kama programu yako hurudia neno lililotafutwa kwenye kichwa cha ukurasa, siku moja utakuta jina la duka la Kibondo limeorodheshwa Google pamoja na tangazo la kasino. Kuweka kanoniko hapo hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni ukurasa usiingie kwenye faharasa.

Lipo kosa la kienyeji zaidi, na nalipenda kwa sababu halikutoka kwenye kitabu cha mtu yeyote. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Wauzaji wanaojaza bidhaa wenyewe huandika kila mtu lake: "Kasulu", "Kasulu Mji", "Kasulu DC". Programu hukusanya maandishi hayo na kuyageuza vichujio vitatu, na anwani huzaliwa mara tatu. Hapa kuna fundi atakayekimbilia alama ya kanoniko, azielekeze mbili kwa ile ya kwanza. Hapana. Hili ni tatizo la daftari la bidhaa, na linatibiwa kwa kumpa muuzaji orodha ya kuchagua badala ya nafasi ya kuandika. Kinyume chake, wilaya ya Buhigwe ilitoka Kasulu mwaka 2012, kama Kakonko ilivyotoka Kibondo mwaka huohuo. Kahawa ya Buhigwe ukiiweka chini ya Kasulu kwa sababu mnunuzi amezoea jina la zamani, huo ni uamuzi wa biashara na unaweza kuwa mzuri; ila uwe na ukurasa mmoja wenye maelezo yanayotaja majina yote mawili, si kurasa mbili zenye kahawa ileile.

Nimesikia mara nyingi kwamba Google "inaadhibu" maudhui yaliyojirudia, na kwamba alama ni kinga ya adhabu hiyo. Google ililikanusha hilo waziwazi tangu 2008. Kujirudia kwa kawaida, kule kunakotokana na vichujio, hakuleti adhabu, kunaleta mgawanyiko. Watu kumi wanaposambaza viungo kumi tofauti vya dumu lilelile, hakuna hata kimoja kinachopata nguvu ya kumi. Adhabu huwahusu wadanganyifu. Nalisema kwa sababu hofu ya adhabu ndiyo inayowafanya wenye maduka walipe pesa kwa haraka, na mwenye haraka huuziwa chochote.

Ushauri mwingine uliokwisha muda wake ni wa kwenda Search Console, dawati la Google kwa wenye tovuti, na kuiambia kigezo kipi ipuuze. Chombo hicho cha vigezo kilikuwapo humo tangu 2009, na kilifaa kwa wakati wake, lakini kiliondolewa Aprili 2022. Google walieleza kwamba ni asilimia moja hivi tu ya mipangilio iliyowekwa humo ndiyo ilikuwa na manufaa. Fundi anayekuahidi kukutengenezea vigezo humo leo hajakifungua miaka mingi. Vilevile na habari ya kurasa za namba: ukurasa wa pili wa maharage usiubandike alama inayosema mkuu ni wa kwanza. Magunia yaliyo ukurasa wa pili si yale ya ukurasa wa kwanza. Kila ukurasa wa namba ujitaje wenyewe kuwa mkuu, basi. Na kosa baya kuliko yote, ambalo nililifanya mimi mwenyewe miaka ya nyuma, ni kuandika alama mara moja kwenye kiolezo cha tovuti nzima ikielekeza ukurasa wa mbele. Duka lote hujikana. Kwa bahati nzuri Google mara nyingi huliona kosa hilo na kulipuuza, jambo linalothibitisha tena kwamba hiyo si amri.

Je, alama haina kazi basi? Inayo, na pale inapofaa inafaa sana. Soko la mtandaoni la Jumia lilipofunga biashara yake Tanzania Novemba 2019, wauzaji wadogo hawakuacha mtandao. Walizidi kuhamia WhatsApp, Instagram na Facebook, na viungo vya maduka yao vinasafiri huko vikirudi na mikia. Facebook hubandika fbclid, Instagram igsh, na mwenye duka mwenyewe huongeza utm_source ili ajue mteja katoka kundi gani. Anwani inabadilika, lakini ukurasa haujabadilika hata nukta. Hapo ndipo mahali pake: ukurasa wa dumu la lita 20 ubebe alama yenye anwani yake safi na kamili, kuanzia https hadi mwisho, ili mikia yote ihesabiwe kwa mwili mmoja. Anayetumia WordPress ajue kwamba tangu toleo 2.9 la mwaka 2009 programu huweka alama hiyo yenyewe kwenye makala na kurasa mojamoja, lakini si kwenye kurasa za makundi. Huko inahitajika programu jalizi au mkono wa fundi.

Kwa vichujio, kazi inaanza kabla ya alama. Kaa na mwenye duka, si na fundi, mjiulize ni vichujio vipi ambavyo mtu angeviandika Google akiwa na pesa mfukoni. "Asali ya nyuki wadogo" ndiyo. "Asali ya Kibondo" ndiyo. "Asali iliyopangwa kwa bei ya chini katika mwonekano wa orodha", hakuna binadamu aliyewahi kuandika hivyo. Vile viwili vipewe makazi ya kudumu, /asali/nyuki-wadogo na /asali/kibondo, viwe na maelezo yao, vitajwe kwenye menyu na kwenye ramani ya tovuti. Vilivyobaki, yaani kupanga, mwonekano na bei, mteja avitumie anavyotaka lakini visizae viungo vya roboti kufuata. Njia rahisi ni kuviweka nyuma ya alama ya # kwenye anwani, kwa kuwa Google kwa kawaida haihesabu kinachofuata hapo. Programu ivipange vigezo vilivyosalia kwa mfuatano mmoja, itupe vilivyo tupu na visivyojulikana, na anayekuja na mfuatano mwingine aelekezwe upya kwa msimbo 301. Kwa hatua hiyo moja ya mfuatano, 25,321 inarudi kuwa 720. Ukiziondoa kupanga na mwonekano kwenye hesabu, unabaki na 60. Sitisha pia michanganyiko isiyo na bidhaa, itoe msimbo 404, na utabaki na kurasa chache zaidi, ambazo mtu mmoja anaweza kuzikagua kwa jioni moja.

Kurasa za kisanduku cha utafutaji zina utaratibu wake, na hapa mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe. Duka jipya liyafunge matokeo ya utafutaji kwenye robots.txt, faili linaloiambia roboti isipite wapi, tangu siku ya kwanza. Duka la zamani, ambalo kurasa zake za /tafuta zimeshaingia Google, lisianze na robots.txt. Lianze na noindex, alama inayoukataza ukurasa kuingia kwenye faharasa, liiache roboti ije iisome, lisubiri zitoke, ndipo lifunge. Ukifunga kwanza, roboti haitaingia, haitaiona noindex wala kanoniko, na zile anwani za kasino zitabaki zimening'inia kwenye matokeo bila maelezo. Nimewaona watu wakiweka vyote vitatu kwa usiku mmoja, robots.txt, noindex na kanoniko, wakidhani wamepiga kufuli tatu.

Ukaguzi ni bure. Ndani ya Search Console, ingiza anwani ya ukurasa wako mmoja kwenye sehemu ya kukagua anwani. Utaonyeshwa vitu viwili: kanoniko uliyoitangaza wewe, na kanoniko aliyoichagua Google. Zikitofautiana, usianze kwa kubadilisha alama. Fuata viungo vya ndani ya duka lako uone vinaelekea wapi.

Na kwenu wenye maduka wa Kasulu na Kibondo, ambao kila mwezi mnapigiwa simu na mtu wa mjini anayetaka kuwawekea kanoniko kwa malipo: kabla hamjatoa hata shilingi, mwambieni awaletee kwanza orodha ya anwani zote ambazo duka lenu linazaa. Akishindwa kuileta, msimlipe.